Kufungua na kufunga mirathi Tanga: kuanzia cheti cha kifo hadi jina kwenye hati

Nyumba ya babu yetu iko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, jiko na choo uani. Babu alifariki mwaka 1979. Baba akamfuata 2014. Siku tunamzika baba, karatasi za kiwanja zilikuwa bado zina jina la babu, na kodi ya wapangaji ilikuwa inachukuliwa na yeyote aliyewahi kuamka tarehe moja. Baadaye akaja mnunuzi na mwanasheria wake. Mwanasheria hakuuliza bei wala hakukagua paa. Aliuliza, "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Tukatazamana.

Tulihangaika miaka mitatu, kwa sababu ilibidi kufungua mirathi mbili, yaani kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali ya marehemu: ya babu kwanza, ndipo ya baba. Mengi tuliyafanya kwa kubahatisha. Hapa nimeyapanga kwa utaratibu wake. Yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana Mahakama za Kadhi na mambo yao ni mengine.

Siku za msiba: usigawe kitu

Ami yangu alisema, "Mwanangu, udongo haujakauka, mali tutazungumza baadaye." Kweli, lakini nusu. Kugawa kusubiri. Kutunza kuanze siku hiyo hiyo. Msiba una watu wengi, na vitu hutoweka bila mwizi: huyu kachukua simu "kumbukumbu ya kaka", yule kaondoka na pikipiki "nitairudisha". Anayejua namba ya siri ya marehemu anatoa salio la M-Pesa kununua mchele wa hitma. Nia njema, ila salio lile ni mali ya warithi wote, na kesho litaulizwa.

Fanya mawili tu. La kwanza ni madeni. Kwetu pwani kuna desturi ya kutangaza makaburini kwamba anayemdai marehemu na anayedaiwa naye wajitokeze kwa familia. Mweke mtu mwenye daftari awaandike: jina, kiasi, deni la nini, shahidi nani. Tangazo bila daftari huishia makaburini.

La pili ni karatasi. Sisi tulizikuta kwenye sanduku la bati la mama, chini ya kitanda. Juu kanga mbili mpya, chini yake bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa katani. Ndani yake mlikuwa na ofa ya kiwanja ya babu, ile barua ya serikali ya kumpa kiwanja, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, stakabadhi za kodi ya ardhi zilizopauka wino, cheti cha ndoa, na karatasi ya mkono inayosema "nimempa shilingi mia tatu" bila kusema nani kampa nani. Zitafute zote: ofa au hati, mkataba wa mauziano, kadi ya gari, kitabu cha benki, kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, karatasi za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Zipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kisha zikae kwa mtu mmoja ambaye wote wanajua anazo.

Na mjane asisumbuliwe. Yuko kwenye eda, miezi minne na siku kumi. Nimewahi kuona shemeji wanakuja na fundi kubadili kitasa siku ya arobaini. Nyumba kama mjane na marehemu waliinunua pamoja, sehemu ya mjane ni yake tangu hapo, wala haimo katika mali ya kurithiwa. Itenganishwe kwanza, kwa ushahidi: stakabadhi, jina lake kwenye mkataba, mashahidi wa mchango wake. Nitalirudia hili kwenye orodha ya mali, maana ndipo wanawake wengi wanapodhulumiwa bila mtu kupaza sauti.

Cheti cha kifo

Bila cheti hakuna mahakama, hakuna benki. Aliyefia hospitali, chukua tangazo la kifo pale pale kabla ya kuondoka na mwili. Aliyefia nyumbani, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, au mtendaji wa kijiji, upate barua ya utambulisho. Kisha nenda kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya, chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Ukichelewa bado inawezekana, ila maswali yanazidi na mlolongo unarefuka.

Angalia majina kabla hujatoka dirishani. Baba yangu kwenye ofa za zamani ni "bin" fulani, kwenye kitambulisho cha taifa ana majina matatu, na mtaani alijulikana kwa jina la utani. Herufi moja ikipishana utaapa kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Tulivila viapo vitatu.

Kikao cha familia

Sheria haikiweki kikao cha ukoo kama sharti la kuteuliwa msimamizi, lakini karani wa mahakama atakuuliza muhtasari, na hakimu hutulia akiuona. Basi kifanyeni vizuri. Waiteni warithi wote, hata aliye Mombasa au Muscat, na asiyeweza kuja atume ridhaa yake kwa maandishi. Muhtasari uwe na tarehe, waliohudhuria na saini zao, majina ya warithi wote na uhusiano wao na marehemu, mali zinazojulikana, madeni, na jina la anayependekezwa.

Mmchague nani? Mila itakusukumia kaka mkubwa. Hakuna sheria inayosema msimamizi awe mwanamume wala mkubwa kwa umri. Mjane anaweza, binti anaweza, na mnaweza kupendekeza wawili wasimamie pamoja. Kwetu tulimweka dada wa tatu, karani wa ghala, kwa sababu moja tu: hapotezi risiti.

Liandikwe kwa herufi kubwa kwenye muhtasari: msimamizi si mmiliki. Ni mtumishi wa warithi kwa muda. Anakusanya, analipa, anagawa, anatoa hesabu, basi.

Kuna jambo linaloumiza nalo lizungumzwe hapa. Kwa sheria ya Kiislamu, wajukuu waliofiwa na baba yao kabla ya babu hawarithi endapo babu ana watoto wa kiume walio hai. Mtoto wa kambo na wa kulea hawarithi. Mke aliyeachwa na eda yake kuisha harithi. Njia ya kuwapa ilikuwa wosia, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali wala haumpi mrithi zaidi ya fungu lake bila wenzake kuridhia. Kama marehemu hakuacha wosia, warithi wenyewe wanaweza kumega kwenye mafungu yao wakawapa. Ami yangu alifanya hivyo kwa watoto wa marehemu ndugu yake, mbele ya kikao, na iliandikwa.

Sheria ipi, mahakama ipi

Bara tuna sheria tatu za mirathi: ya Kiislamu, ya kimila, na ile ya serikali inayotokana na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Mahakama huangalia maisha ya marehemu: aliishi vipi, alifunga ndoa gani, alitaka mali yake iende wapi. Muislamu aliyeishi Kiislamu, mirathi yake ni ya Kiislamu. Mkristo aliyeishi maisha ya Kikristo, kwa kawaida ni sheria ya serikali.

Mila ndiyo yenye mtego. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, ni za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na zinambana mjane vibaya sana. Mkoa wetu una Wasambaa na Wabondei, lakini pia una Wadigo na Wazigua ambao asili yao ni kuhesabu ukoo kwa mama, mpwa akirithi kwa mjomba. Mtu akikwambia "mila yetu mwanamke harithi ardhi", muulize mila ya nani. Halafu mkumbushe Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, na kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ya 1990. Humo Mahakama Kuu Mwanza ilisema mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawa na mwanamume.

Mirathi ya Kiislamu na ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Ile ya sheria ya serikali huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ipo hapa hapa Tanga. Kinachoangaliwa kwa Mahakama ya Mwanzo ni mahali alipokuwa akiishi marehemu. Aliyeishi Makorora akaacha shamba Muheza na kiwanja Pangani, mirathi yake yote hufunguliwa Tanga mjini. Watu wanafungua mafaili mawili wakidhani kila mali na mahakama yake, kisha wanajikuta na wasimamizi wawili wanaogombana.

Na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania? Kadhi wa Bara hana mamlaka ya kimahakama. Nenda kwake akupigie hesabu za mafungu, mashekhe wetu wa Tanga wanaijua elimu ya mirathi barabara. Ila karatasi yake haibadili jina kwenye hati. Mteuzi wa msimamizi ni mahakama.

Mahakamani

Chukua cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, wosia kama upo, kitambulisho chako, na barua ya serikali ya mtaa. Utajaza Fomu namba 1, maombi ya kuteuliwa. Andika warithi wote. Kumficha mtoto wa nje ni kuahirisha ugomvi, maana atakuja, na atakuja wakati nyumba imeshauzwa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kwa sheria ya Kiislamu, anarithi kwa mama. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki kutokana na mali ya mzazi wake. Hilo atalipima hakimu, si wewe kwenye fomu.

Mahakama itatoa tangazo lenye siku ya kusikilizwa, ili mwenye pingamizi aje. Siku hiyo warithi wafike. Lugha ni Kiswahili, hakimu atauliza mambo ya kawaida: ulikuwa nani kwake, aliacha nani, nani anapinga. Ukiteuliwa, mara nyingi utasaini dhamana pamoja na wadhamini, kisha utapewa Fomu namba 4. Hiyo ndiyo barua ya usimamizi. Omba nakala zilizothibitishwa, tano au sita, kwa sababu kila ofisi itataka yake.

Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kama fedha za wakili hakuna, watafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kazi yao ni bure.

Kukusanya mali na kulipa madeni

Kuanzia siku ya kuteuliwa una miezi minne kupeleka Fomu namba 5, orodha kamili ya mali na madeni. Hapa ndipo ile sehemu ya mjane itolewe pembeni kabla ya kitu kingine chochote. Benki ukiipelekea barua ya usimamizi huwa haikupi fedha mkononi. Mara nyingi huzihamishia kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, na mahakama ndiyo inayowalipa warithi.

Mali inayozaa inaendelea kuzaa. Machungwa ya Muheza hayangoji hakimu. Yakiiva yavunwe, yauzwe, na kila gunia liandikwe: tarehe, mnunuzi, bei, gharama ya wavunaji na gari. Kodi za vyumba vivyo hivyo. Vyumba sita kwa shilingi 40,000 ni 240,000 kwa mwezi. Ya mwaka mzima ni 2,880,000. Sisi kodi za babu za miaka 35 hatukuweza kuzihesabu, ikabidi tusameheane kikaoni.

Utaratibu wa kulipa ni huu: gharama za mazishi, madeni, wosia, ndipo warithi. Deni bila ushahidi usililipe kwa aibu. Deni lenye ushahidi usilikwepe, hata kama mdai humpendi.

Kama kuna mtu baki amekaa kwenye ardhi ya marehemu bila haki, usilaze damu. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Huko Chongoleani, panapoishia bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda, ardhi ya minazi ambayo zamani hakuna aliyeitaka, leo kila mtu ana babu yake aliyezikwa hapo.

Hesabu ya mafungu

Chukua mfano. Marehemu Muislamu ameacha mke, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Baada ya madeni zimebaki shilingi 84,000,000.

Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumni, yaani moja ya nane: 10,500,000. Mama ana sudusi, moja ya sita: 14,000,000. Zinabaki 59,500,000 za watoto, wa kiume akihesabiwa mara mbili ya wa kike. Wavulana wawili ni mafungu manne, wasichana watatu ni matatu, jumla saba. Kila fungu ni 8,500,000. Basi kila binti anapata 8,500,000 na kila mwana 17,000,000.

Mali hiyo hiyo kwa sheria ya serikali, mjane anapata theluthi, 28,000,000, na watoto wote watano wanagawana 56,000,000 sawa sawa, 11,200,000 kila mmoja. Mama mzazi hapati kitu. Ndiyo maana watu hugombania sheria ipi itumike hata kabla ya kugombania mali.

Kwa mirathi za zamani kama ya babu yetu kuna kanuni moja ya kushika: mrithi ni aliyekuwa hai siku marehemu alipokata roho. Shangazi yetu mmoja alikuwa hai 1979, akafa 1990. Fungu lake halikufa naye, lilienda kwa warithi wake. Wanawe wako Mombasa, na wengine tuliwaona mara ya kwanza mahakamani. Baba naye fungu lake la kwa babu likaingia kwenye mirathi yake. Ukiruka ngazi moja, yote ya chini yanaporomoka.

Nyumba moja, warithi kumi

Fedha zinagawanyika. Nyumba haigawanyiki, na hapa ndipo udugu wa Ngamiani unapovunjikia. Nimeingia nyumba ambayo ukumbi umekatwa kwa ukuta wa tofali, huyu anapita mbele na yule anapita uani, choo ni kimoja. Kila mmoja ana vyumba vitatu na hakuna mwenye hati. Kugawana vyumba si kugawana nyumba, kwa sababu kiwanja ni kimoja na hati ni moja.

Njia zinazofanya kazi ni tatu. Mmoja awanunue wengine hisa zao, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa, si ya kukisia barazani. Au muiuze mgawane. Au mbaki nayo pamoja, kodi ikigawanywa kwa mafungu: kwenye zile 240,000, mke mwenye thumni anapata 30,000 kila mwezi. Mkichagua kubaki, hati iandikwe kwamba mnamiliki kila mtu na hisa yake. Kuna umiliki wa pamoja wa aina nyingine ambao mmoja akifa sehemu yake inawafuata waliobaki, si watoto wake. Mwambieni afisa ardhi wazi mnataka upi.

Mrithi anayeishi humo bure naye ahesabiwe. Mdogo wangu alichukia tulipomwambia chumba chake kina kodi. Tulikubaliana ikatwe kwenye fungu lake wakati wa mauzo, na alisaini.

Mtoto wa chini ya miaka 18 ana fungu lake kamili. Msimamizi aeleze mahakamani litatunzwaje na nani. "Atalelewa na baba mdogo" si jibu.

Kubadili jina kuna hatua mbili. Kwanza msimamizi anapeleka hati au ofa ya asili, cheti cha kifo na barua ya usimamizi kwenye ofisi ya ardhi, ili aandikishwe kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Kisha anahamisha kwa warithi au kwa mnunuzi. Madeni ya kodi ya ardhi yalipwe kwanza, vinginevyo faili halisogei. Wengine huja na risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa sababu kodi ya jengo hukatwa humo, wakidhani ni ushahidi wa umiliki. LUKU inamkata anayenunua umeme, hata mpangaji. Kwa shamba la kijijini lisilo na hati, nenda Halmashauri ya Kijiji, jina libadilishwe kwenye daftari la ardhi, na muombe hati ya haki miliki ya kimila kwa majina ya warithi, wanawake wakiwemo.

Kufunga

Wengi huishia kwenye mgawanyo. Faili linabaki wazi miaka, msimamizi akifa matatizo yanaanza upya. Peleka Fomu namba 6, hesabu ya kilichoingia, kilicholipwa na nani kapata nini, ikiwa na saini za warithi. Msimamizi anayekwepa hili, mrithi yeyote anaweza kuiomba mahakama imwite, na hata imwondoe.

Siku yetu, hakimu alimuuliza kila mrithi kwa jina lake, "Umepokea?" Ami alijibu kwa sauti, shangazi aliyebaki akatikisa kichwa, akaambiwa aseme. Faili likafungwa. Dada alitoa nakala nne za amri ile: moja kwa ami, moja Mombasa, moja kwa mnunuzi, na moja kwenye sanduku la bati.